Kuifikisha intaneti ya kasi kijijini, kuanzia kilimani hadi kwenye daftari la malipo

Ukisimama Irente, juu ya mji wa Lushoto, tambarare ya Mazinde iko chini yako na barabara kuu ya kwenda Moshi inaonekana kama uzi. Pale simu inashika 4G bila shida. Shuka bonde la upande wa pili, mwendo wa saa moja kwa miguu, utamkuta mwalimu mkuu amepanda jiwe la nyuma ya shule, mkono juu, akisubiri faili la matokeo ya wanafunzi liondoke. Kati ya mahali hapo pawili, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita chache tu. Mwongozo huu unahusu kilomita hizo chache.

Mikongo ya baharini ilifika pwani yetu zamani: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Mkongo wa Taifa ukapanda bara. Kilichobaki ni kipande cha mwisho, kutoka pale mkongo au mnara unapoishia hadi mlango wa zahanati. Kipande hicho kijiji kinaweza kukijenga chenyewe au kukidai, mradi kwanza ajulikane mtu aliyepima hali halisi ya mawimbi, na pili watu wawe wamekubaliana nani atalipa mwezi wa saba tangu mtandao uwashwe, fedha za mfadhili zikishaisha. Nimeona mitambo mizuri ikigeuka viota vya ndege kwa kukosa hilo la pili, kwa hiyo nitalirudia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuomba

Chukua simu janja moja na laini za mitandao yote inayosikika eneo lenu. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya "kuhusu simu", kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -97 dBm. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi: kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri sana, -100 inafanya kazi, na ikishuka chini ya -115 usitegemee kitu. Usihesabu mistari ya mtandao juu ya kioo. Kila simu huichora kwa namna yake.

Pita shule, zahanati, ofisi ya kijiji, ghala la ushirika, na vilele vyote vinavyofikika. Kila mahali andika jina, saa, mtandao, namba uliyoiona, na alama za GPS ambazo simu yenyewe inazitoa. Siku mbili zinatosha kwa kijiji kizima, na daftari hilo litakufaa katika kila hatua inayofuata. Ukiandikia mamlaka barua kwamba "mtandao ni mbovu", itawekwa kwenye faili na kusahaulika. Ukiandika kwamba kwenye zahanati ni -118 na kwenye kilima kilicho mita 600 kutoka hapo ni -92, umempa mhandisi kazi ya kufanya.

Uliza pia faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mtandao ndani ya mkongo, ya karibu iko wapi. Mikongo hufuata barabara kuu, reli na nguzo za umeme mkubwa, na mara nyingi huwa tayari imeingia ofisi ya halmashauri, posta au hospitali ya wilaya. Fundi wa halmashauri anajua. Nenda umwone ana kwa ana.

Hatua ya 2: Jueni mnahitaji kiasi gani

Zahanati inayotumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za hospitali na zahanati, na kutuma taarifa za mwezi haihitaji kasi kubwa, inahitaji mtandao usiokatika. Shule yenye kompyuta ishirini ni habari nyingine. Video nzuri moja hula kama megabiti 3 kwa sekunde, na watoto kumi wakifungua video kumi, megabiti 30 zimekwisha. Kwa kijiji kinachoanza, chenye watu arobaini hadi hamsini wanaoingia kwa wakati mmoja, megabiti 20 zenye mgao mzuri zinatosha. Mgao ndio muhimu: ruta, kifaa kinachogawa mtandao, ipangwe ili mtu mmoja asiweze kuzimeza zote, na zahanati ipewe kipaumbele saa zote.

Hatua ya 3: Chagueni njia

Njia ziko kadhaa, na kijiji kimoja kinaweza kuchanganya mbili.

*Kudai mnara.* Tanzania kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kenya wana Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ruzuku hizi hutolewa kwa kata au kata ndogo, kwa hiyo barua ya kijiji kimoja ina nguvu ndogo. Unganeni vijiji vya kata nzima, ambatisheni daftari la vipimo, idadi ya watu, shule, zahanati, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Ipitisheni kwa mtendaji wa kata hadi halmashauri, nakala kwa mbunge. Jengeni hoja yenu mkijua kwamba njia hii huchukua miaka. Msikae mkiisubiri.

*Kuvuta 4G iliyopo.* Ikiwa vipimo vyenu vimeonyesha kilima chenye -95 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na nashangaa inavyosahaulika. Ruta ya 4G ya nje, ile inayofungwa juu ya mlingoti ikiwa na antena yake ndani, huelekezwa kwenye mnara. Kutoka hapo mnashusha waya wa neti (Ethernet), ambao haupaswi kuzidi mita 100. Usinunue ruta ya ndani ukaiunganisha na antena ya juu kwa waya mrefu wa antena: waya huo hula mawimbi, na mwishowe unabaki pale pale ulipoanzia.

*Redio za kuelekezana.* Redio mbili za kurushiana data, siyo za kusikiliza, moja mahali penye faiba au mtandao mzuri, nyingine kwenu, zinatazamana. Nitaieleza kwa kirefu hapa chini kwa sababu kwa nchi ya milima ndiyo iliyotuokoa.

*Faiba yenyewe.* Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba, uzi wenyewe ni rahisi. Ikipitishwa juu ya nguzo za umeme kwa makubaliano na shirika la umeme, gharama hushuka sana. Inafaa pale nyumba zimekaa karibu karibu, kwa mfano kwenye kituo cha biashara: mfumo wa kawaida wa faiba ya majumbani hufika hadi kilomita 20 kutoka kwenye mtambo, na mlango mmoja wa mtambo hugawiwa nyumba 32 au 64. Kwa kaya zilizotawanyika mashambani, msianzie huku.

*Setilaiti.* Setilaiti za zamani zimekaa angani karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na neno lako huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Zile za chini, kama Starlink iliyoanza Kenya Julai 2023, ziko kama kilomita 550 tu, na kuchelewa huko karibu kunatoweka. Hii ndiyo njia ya visiwa na ya mahali pasipo mnara wala kilima. Ila kumbukeni kwamba kwa kila eneo la ardhi huduma ina kipimo cha watu inaoweza kuwabeba: mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa uwezo ulijaa. Kijijini tatizo hilo ni dogo. Hakikisheni huduma ina leseni nchini mwenu, na someni masharti: kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakiruhusiwi kuuziwa watu wengine. Halafu sahani hizi zinakula umeme, wati 50 hadi 100 muda wote, jambo litakalowagusa mkifika kwenye sola.

*Nafasi tupu za masafa ya televisheni.* Mawimbi ya chini ya 700 MHz hupenya miti na kuzunguka vilima kuliko yale ya waifai. Mawingu, kampuni ya intaneti ya Nanyuki, Kenya, walianza na teknolojia hii mwaka 2013, na mtandao wa jamii wa Kondoa, Dodoma, nao uliijaribu. Vifaa vyake ni adimu na ghali, na vinahitaji kibali maalumu. Kwa kikundi kinachoanza, ningesema subirini.

Hatua ya 4: Redio za kuelekezana, na uzembe uliotugharimu masika mawili

Redio za masafa ya 5 GHz hazipiti kwenye kilima wala msituni. Lazima zionane. Watu wengi husimama kilimani, wakaona mji kwa macho, wakadhani yametosha. Hayatoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi ulionyooka, yanavimba katikati kama muhogo. Kwa kiungo, yaani njia ya mawimbi kati ya redio mbili, cha kilomita 10 kwenye masafa ya 5.8 GHz, uvimbe huo katikati una nusu kipenyo cha mita 11 hivi, na angalau mita 7 kutoka kwenye mstari wa katikati zisiwe na kitu chochote. Kwa kilomita 20 uvimbe unafika mita 16, acheni wazi mita 10, kisha ongezeni kama mita 6 za mviringo wa dunia yenyewe. Hesabu hizi mnaweza kuzifanya kwa programu za bure za ramani zinazochora sura ya ardhi kati ya sehemu mbili, lakini ramani hizo hazijui miti.

Hapo ndipo tulipokosea. Kiungo chetu cha kwanza tulikielekeza mwezi Septemba, ardhi ikiwa kavu, juu ya shamba la mikaratusi michanga. Kikatembea vizuri, watu wakafurahi. Masika yaliyofuata kikaanza kulegea asubuhi. Masika ya pili kilikuwa kinakatika siku nzima. Tulibadilisha redio, tukabadilisha waya, tukamlaumu aliyetuuzia mtandao kule mjini. Mwisho kijana mmoja alipanda mlingoti na darubini, akaona vilele vya mikaratusi vimeingia katikati ya njia. Majani mabichi yaliyolowa ni maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Mkaratusi huongezeka mita mbili hadi tatu kwa mwaka kwenye udongo wetu. Sasa tunapopima njia tunaongeza urefu wa miti ya miaka mitano ijayo, na mwenye shamba tunazungumza naye kabla, siyo baada.

Kama hakuna kilima kinachoona pande zote, wekeni kituo cha kati. Kituo cha kati kinahitaji kiwanja kidogo, uzio, na mtu anayelala karibu. Tulipofika kwa bibi mwenye shamba la kilele tulichokitaka, alitusikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hicho chuma chako kitanivutia radi nyumbani kwangu." Lilikuwa swali la kweli na lilistahili jibu la kweli. Tulimwonyesha waya wa ethi, ule unaoipeleka radi ardhini, tukasogeza mlingoti mbali na nyumba yake, na tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: kodi ndogo ya mwaka, taa moja ya sola, na mtandao wa bure kwa wajukuu zake. Mpaka leo yeye ndiye wa kwanza kutupigia upepo ukigeuza antena.

Mpangilio wenyewe ni mafundi wawili wenye simu, mmoja kila upande. Mmoja anageuza polepole kulia na kushoto, kisha juu na chini, mwingine anamsomea namba. Kwa redio hizi, mkipata -60 hadi -65 mmefika. Mkiona -80, msijidanganye kwamba "itajirekebisha". Kazeni nati, pakeni alama ya rangi pale bano lilipokaa, ili antena ikisogezwa mjue.

Hatua ya 5: Umeme

Hesabu iko hivi. Redio tatu za wati 8, jumla 24, na ruta ya wati 6: wati 30. Kwa saa 24 ni wati-saa 720. Kwa jua kali la muda wa saa tano kwa siku na upotevu wa asilimia 30, paneli ya wati 206 ingetosha kwenye karatasi. Nunueni ya 300, kwa sababu Julai milimani kuna ukungu. Betri ibebe siku mbili bila jua, yaani wati-saa 1,440. Betri ya kawaida ya maji au jeli isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mnahitaji ampea-saa 240 kwa volti 12. Ya lithiamu inaweza kushuka hadi asilimia 20, ampea-saa 150 zinatosha, na hudumu miaka mingi zaidi. Bei yake ya mwanzo inatisha. Hata hivyo nunueni hiyo. Redio zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia chaja kontrola, bila inveta. Inveta hula umeme hata pasipo kazi, na ndicho kifaa kinachokufa kwanza.

Mkichagua setilaiti, rudieni hesabu hii: wati 75 kwa saa 24 ni wati-saa 1,800, mara mbili na nusu. Vijiji vingi huzima sahani usiku kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Radi

Kwetu, kwenye milima ya Usambara, radi haina msamaha. Kila mlingoti uwe na fimbo ya chuma juu ya antena, waya mnene wa shaba ulionyooka hadi chini, na fimbo ya ethi ya mita moja na nusu ardhini. Palipo na mwamba, tumieni fimbo mbili au tatu zilizounganishwa, na shimo lijazwe mkaa na chumvi. Kila waya wa neti uwe na kinga ya radi pande zote mbili, juu kwenye redio na chini kabla ya ruta. Kinga moja ni bei ya kuku wawili, redio ni bei ya mbuzi.

Hatua ya 7: Leseni

Kutumia waifai ofisini hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuuza mtandao kwa watu kunahitaji. Tanzania, njia nyepesi kwa kikundi ni kuwa wakala chini ya kampuni yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania: wao wanauza kwa jumla, nanyi mnasambaza kwa jina na leseni yao, kwa mkataba. Kenya wametengeneza leseni maalumu ya mitandao ya jamii, ya ada ndogo, kwa kikundi kisicho cha faida kinachohudumia eneo lisilozidi kaunti ndogo. Popote mlipo, sajilini kikundi au ushirika kwanza, fungueni akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, ndipo muende kwa mamlaka. Vifaa viwe na idhini ya kuingizwa nchini. Redio ya magendo ikikamatwa, fedha za kijiji zimepotea.

Hatua ya 8: Mwezi wa saba

Kaeni mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kununua hata bolti. Andikeni ubaoni gharama za kila mwezi, zote, mbele ya watu. Huu ni mfano wa hesabu ya kikundi kidogo: mtandao wa jumla shilingi 200,000, posho ya fundi 80,000, akiba ya kubadilisha betri na redio 70,000. Jumla 350,000. Shule ikitoa 60,000, zahanati 40,000 na ushirika wa wakulima 50,000, zinabaki 200,000. Vocha ya wiki ya shilingi 1,000, watu hamsini, wiki nne: imetimia. Sasa waulizeni walioketi: hamsini hao ni akina nani? Wanyooshe mikono na waandikwe majina. Wakipatikana ishirini, punguzeni mpango ulingane na ishirini.

Ile akiba ya 70,000 watu wataitamani. Kutakuwa na msiba, kutakuwa na mwenge, kutakuwa na mgeni wa wilaya. Iwekwe kwenye akaunti tofauti, na katiba ya kikundi iseme haiguswi.

Mapato mengine yapo. Mankosi, huko Eastern Cape Afrika Kusini, ushirika wa Zenzeleni ulitumia sola za vituo vyake kuchaji simu za wanakijiji kwa malipo kidogo, na fedha hizo zikasaidia kubeba mtandao. Kuchapa fomu, kupiga picha za pasipoti, kujaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu: kijana mwenye kompyuta moja na printa kando ya ruta anaweza kulipa robo ya gharama zenu.

Hatua ya 9: Maktaba ya ndani

Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye diski, ikae kando ya ruta. Ndani yake wekeni vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, na masomo ya Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti. Wanafunzi wanavifungua kwa waifai bila kutumia hata baiti moja ya nje, na mtandao ukikatika masomo yanaendelea.

Hatua ya 10: Mafundi wawili na daftari moja

Fundi mmoja akihamia Dar es Salaam, mtandao umehama naye. Fundisheni wawili, mmoja wao awe mwanamke mwenye makazi ya kudumu kijijini; kwetu ndiye aliyebaki pale vijana walipoondoka. Nywila zote ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha, zikae kwa katibu.

Daftari la kituo liwe na safu nne: tarehe, volti za betri asubuhi, nguvu ya mawimbi, na fedha zilizoingia. Volti zikishuka siku tatu mfululizo, paneli ina vumbi au betri imechoka. Mawimbi yakishuka taratibu mwezi kwa mwezi, angalieni miti. Na kila Februari, kabla ya masika, panda mlingoti, kaza nati, kagua waya wa ethi, kisha pitia kwa mwenye shamba la mikaratusi umsalimie.